Chupa ya Mjomba

Mjomba wangu alinyang'anywa chupa ya waini mwaka wa 2009, na hadi leo ukitaka kuharibu mlo wa Krismasi kwetu Nakuru, itaje tu. Wakati huo nilikuwa darasa la tatu, kwa hivyo stori hii nimeipokea jinsi stori za nyumbani hupokelewa: imesimuliwa mara nyingi mpaka kila mtu ana kipande chake. Lakini mifupa yake haibadiliki. Binti yake alikuwa anaolewa Ujerumani. Mzee hakuwa amewahi kupanda ndege. Alitaka kufika na kitu mkononi, maana kwetu mtu haendi arusini mikono mitupu, sembuse baba wa bibi harusi. Nguo na majani chai vilikuwa kwenye sanduku. Chupa aliinunua Nairobi, akiwa ameshapita ukaguzi, kwenye duka lisilotozwa ushuru: divai nyekundu kutoka Afrika Kusini, mililita 750. Msichana wa dukani akaitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, akaweka risiti, akaufunga kwa gundi, akamwambia asiufungue hadi afike.

Hakuufungua. Usiku mzima aliulaza mapajani kama mtoto. Asubuhi alibadilisha ndege katika kiwanja kimoja cha Ulaya, akapitishwa tena kwenye ukaguzi, na hapo afisa akaunyanyua ule mfuko, akatikisa kichwa, akauangusha kwenye pipa. Mjomba akaonyesha risiti. Afisa akaonyesha bango lenye picha ya chupa iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Mazungumzo yakaishia hapo.

"Walidhani mimi ni nani?" Hilo ndilo swali analorudia. Kwa miaka mingi nilidhani ni hasira tu zinazoongea. Nilipoanza kusoma historia ya ile sheria ya mililita 100, nikagundua kwamba mzee alikuwa ameuliza swali halisi, na kwamba jibu lake lilikuwa limeandikwa mahali, tena kwa orodha.

Kwanza niseme hivi: mimi si mtu wa kudharau ukaguzi. Nairobi tumezoea kufunguliwa mabegi mlangoni mwa supamaketi, na tunajua ni kwa nini. Aliyeishi hapa tarehe 7 Agosti 1998, au wikendi ile ya Westgate 2013, hahitaji kuelezwa kwamba mtu anaweza kuingia na kifo ndani ya kitu cha kawaida. Shida yangu si kwamba chupa ilikaguliwa. Shida ni kwamba haikukaguliwa.

Turudi nyuma kidogo, kwa chupa nyingine. Tarehe 29 Novemba 1987, ndege ya Korean Air, safari nambari 858, ilikuwa inatoka Baghdad kwenda Seoul kupitia Abu Dhabi na Bangkok. Watu wawili, mzee na msichana wenye pasipoti bandia za Kijapani, walipanda Baghdad wakashuka Abu Dhabi. Juu ya viti vyao waliacha redio ndogo na chupa ya pombe. Ndani ya redio mlikuwa na kilipuzi. Ndani ya chupa hamkuwa na pombe hata tone, bali kilipuzi cha majimaji. Ndege ililipuka juu ya bahari ya Andaman na watu wote 115 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa ujenzi wa Korea Kusini, wakirudi nyumbani kutoka kazi za Mashariki ya Kati. Hao ni watu tunaowajua vizuri. Hakuna mtaa Nairobi usio na mtu wake Doha au Riyadh. Wale mawakala wawili walikamatwa Bahrain. Mzee alijiua kwa sumu. Msichana, Kim Hyon-hui, aliokoka, akakiri kwamba walikuwa wametumwa na Korea Kaskazini.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo chupa za pombe zingepigwa marufuku kila mahali. Wapi! Hakuna sheria ya dunia nzima iliyotungwa kumzuia abiria kuingia na chupa. Miaka saba baadaye, tarehe 11 Desemba 1994, ikaja safari nambari 434 ya Philippine Airlines, kutoka Manila kwenda Tokyo kupitia Cebu. Ramzi Yousef, ambaye tayari alikuwa anasakwa kwa bomu la World Trade Center la 1993, alipanda na kilipuzi cha majimaji kwenye kichupa cha dawa ya kusafishia lenzi za macho. Alikitega chini ya kiti, akashuka Cebu. Bomu lilimuua abiria mmoja Mjapani, Haruki Ikegami, na rubani akafanikiwa kutua Okinawa. Ilikuwa mazoezi tu. Mwezi uliofuata, moto katika nyumba aliyokuwa amepanga Manila ulifichua mpango wa kulipua ndege zaidi ya kumi za Marekani kwa njia hiyohiyo.

Na bado watu waliendelea kuingia ndani ya ndege na chupa zao. Waliotembelea mashamba ya mizabibu ya California au Ufaransa walirudi nyumbani na divai chini ya kiti cha mbele. Hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilianza alfajiri ya 10 Agosti 2006. Usiku huo polisi wa Uingereza walikuwa wamewakamata vijana kadhaa London na kwingineko, wakisema walipanga kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwenda Marekani na Kanada. Silaha yao ingekuwa chupa za plastiki za soda, za mililita 500. Walikuwa wametafuta njia ya kutoa kinywaji na kuingiza kitu kingine kupitia chini ya chupa, bila kugusa kifuniko. Ukiishika unaona chupa mpya kabisa, muhuri wake mzima.

Hapo ndipo pa kusimama. Kwa miaka yote, wanadamu wameamini kifuniko. Soda ikifunguliwa mezani mbele yako unakunywa. Ikiletwa wazi unauliza maswali. Divai ndiyo imejengwa juu ya imani hiyo kabisa: kizibo, karatasi ya metali shingoni, lebo, mwaka. Wale vijana walionyesha kwamba muhuri wa juu hauthibitishi kitu kuhusu kilicho chini. Watatu wao, Abdulla Ahmed Ali, Assad Sarwar na Tanvir Hussain, walihukumiwa Septemba 2009 kwa mpango wa kulipua ndege, kila mmoja kifungo cha maisha.

Asubuhi ile ya Agosti viwanja vya Uingereza viligeuka soko lililovamiwa na kanjo. Abiria waliruhusiwa kuingia na pasipoti, pochi na vitu vichache tu, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Mama aliyebeba maziwa ya mtoto alilazimika kuyaonja mbele ya afisa. Marekani nako mapipa yalijaa manukato, maji, losheni na chupa za divai zilizonunuliwa likizoni. Baada ya wiki chache wakubwa walipunguza makali. Tarehe 26 Septemba Marekani iliruhusu vichupa vidogo ndani ya mfuko mmoja mdogo. Ulaya ikafuata tarehe 6 Novemba: mililita 100 kwa kila chombo, vyote vitoshee kwenye mfuko wa lita moja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapendekeza nchi zote zifanye hivyo kufikia 1 Machi 2007. Ndivyo ilivyotufikia sisi pia.

Sasa, shampuu inaweza kuhamishwa. Unanunua kichupa kidogo River Road, unamimina, unaendelea na maisha. Divai haihamishiki. Chupa ya kawaida ni mililita 750, na ukishang'oa kizibo hewa inaanza kuila. Kesho si ileile, kesho kutwa ni siki ya kachumbari. Kwa hivyo kati ya vitu vyote ambavyo abiria hubeba, divai ndiyo iliyobanwa vibaya zaidi. Ni lazima iende nzima au isiende.

Mtu atasema: si angeiweka tu kwenye sanduku, iende chini na mizigo? Inawezekana, na sheria haijawahi kukataa. Kinywaji chenye kilevi kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha usalama kwenye mizigo ya chini, na divai nyingi iko chini ya hapo. Na ile imani kwamba chupa itapasuka angani kwa sababu ya presha si kweli. Sehemu ya mizigo kwenye ndege za abiria ina presha sawa na ya juu. Kinachovunja chupa ni mikono na mikanda ya kusukuma mizigo. Watu wakajifunza kuzifunga kwa soksi na suruali za jeans, na wafanyabiashara wakaleta mifuko yenye mapovu ya hewa na masanduku ya povu gumu yenye mashimo kumi na mawili.

Hata historia kubwa ya divai ilisafiri hivyo. Mwaka wa 1976 Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la divai Paris, aliandaa shindano la kuonja kati ya divai za Ufaransa na za California. Aliogopa forodha ingemsumbua akifika peke yake na chupa zote zile, kwa hivyo chupa za California zilisafiri kama mizigo ya kundi la watengenezaji divai wa huko waliokuwa wakienda kuzuru Ufaransa. Chupa moja ilivunjika. Zilizobaki zilifika, na tarehe 24 Mei waonjaji wa Kifaransa, bila kujua wanakunywa nini, waliipa California ushindi kwa divai nyeupe na nyekundu. Biashara ya divai duniani haikurudi kama zamani.

Lakini wale walikuwa na kundi, masanduku na uzoefu. Mzee wa Nakuru anayepanda ndege mara ya kwanza hafungi zawadi ya binti yake ndani ya soksi. Anaishika. Na baada ya 2006, chupa ya kushika ingeweza kununuliwa mahali pamoja tu: ndani, baada ya mashine, dukani. Maduka haya yasiyotozwa ushuru yalianza Shannon, Ireland, mwaka wa 1947. Kwa karibu miaka sitini yalishindana na duka lolote la mjini. Sheria mpya ikayapa wateja ambao hawana pengine pa kwenda.

Duka la Nairobi lilikuwa na historia yake. Na hapa kuna tarehe moja ambayo niliisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Sheria ya Ulaya ya mililita 100, nambari 1546/2006, ilipitishwa tarehe 4 Oktoba 2006. Siku hiyohiyo, baraza la usuluhishi chini ya Benki ya Dunia lilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya World Duty Free dhidi ya Jamhuri ya Kenya. Kampuni hiyo ilikuwa imepata mkataba wa kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya Nairobi na Mombasa mwaka wa 1989, na ilidai serikali iliipokonya biashara. Mwenye kampuni, Nasir Ibrahim Ali, ndiye aliyejichongea kwa ushahidi wake mwenyewe. Alieleza kwamba ili kupata mkataba alipeleka dola milioni 2 kwa Rais Daniel arap Moi, kama mchango. Pesa zikiwa taslimu ndani ya mkoba, aliuacha kando ya ukuta kabla ya kuingia kwenye mkutano. Alipotoka akauchukua, akaufungua ndani ya gari, akakuta pesa zimetoweka na mahali pake mna mahindi mabichi. Baraza likasema mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kutetewa mbele yake, na kampuni ikapoteza kesi.

Yaani bana, siku moja, karatasi mbili. Moja inasema hakuna mfuko utakaopita bila kuangaliwa ndani. Nyingine inasimulia mkoba ulioingia na dola ukatoka na mahindi.

Sasa turudi kwa ile ya Ulaya, maana ndiyo iliyomkuta mjomba. Ilikuwa na mambo mawili ambayo mabango hayakuyasema.

La kwanza, ilikuwa siri. Masharti ya ukaguzi yaliwekwa kwenye kiambatisho ambacho hakikuchapishwa. Abiria walipewa muhtasari na michoro. Maandishi yenyewe hawakuruhusiwa kuyasoma. Kuna Mwaustria aitwaye Gottfried Heinrich ambaye mwaka wa 2005 alizuiwa Vienna kwa sababu ya raketi za tenisi kwenye begi lake la mkononi. Alishtaki. Alichouliza ni rahisi: nitatii vipi sheria ambayo siruhusiwi kuiona? Mahakama ya Haki ya Ulaya ilimjibu tarehe 10 Machi 2009, ikasema kiambatisho kisichochapishwa hakina nguvu ya kumfunga mwananchi. Kufikia hapo masharti yalikuwa yameshachapishwa, mwaka wa 2008, lakini kwa karibu miaka miwili watu walikuwa wamemwaga divai zao kwa amri ya karatasi isiyoonekana.

La pili ndilo la orodha. Chupa ya dukani ilikubalika kwenye kuunganisha ndege ikiwa tu imenunuliwa katika kiwanja cha Umoja wa Ulaya, au kwenye ndege ya shirika la Ulaya, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wenye muhuri na risiti. Iliyotoka kwingine ilitupwa, hata ikiwa kwenye mfuko unaofanana na huo. Kelele zikawa nyingi, hasa kutoka kwa wenye maduka, na kuanzia 2007 Ulaya ikaanza kuruhusu viwanja vya nchi za nje vilivyoonyesha kwamba ukaguzi wao unalingana na wa Ulaya. Singapore iliingia. Zikafuata Croatia na Malaysia, kisha Marekani na Kanada.

Nairobi haikuwemo. Wala Johannesburg, wala Addis Ababa, wala kiwanja chochote cha bara hili.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Orodha ile haikuandikwa ili kututukana. Nchi iliomba, ikaonyesha taratibu zake, ikapimwa. Pengine Kenya haikuomba kwa bidii. Pengine ingeomba isingefaulu. Na ukishasoma habari ya mahindi kwenye mkoba huwezi kusema kwa uso mkavu kwamba kila kitu kwetu kilikuwa fiti. Lakini angalia matokeo yake kwa mtu mmoja. Divai ya Afrika Kusini iliyonunuliwa Singapore inapita. Divai ileile, pengine ya shamba lilelile, iliyonunuliwa Nairobi, inatupwa. Afisa hakuitikisa, hakuinusa, hakuipitisha kwenye kifaa chochote. Hakuhitaji kujua kilichomo. Alihitaji kujua tu imetoka wapi.

Na sasa nadhani naelewa swali la mzee. Alilelewa kuamini kwamba mtu huaminiwa kwa mwenendo wake. Alikuwa amefuata kila alichoambiwa: alinunua mahali panaporuhusiwa, alitunza risiti, hakufungua mfuko. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo yote hayangehesabiwa. Mkenya yeyote aliyewahi kuomba viza analijua jambo hilo. Unapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, picha ya ukubwa uliotajwa, halafu unakataliwa kwa sababu ambayo haimo kwenye bahasha yako.

Ulaya yenyewe iliona kwamba mambo hayakai sawa. Tarehe 29 Aprili 2011 ilipaswa kuwa siku ya kuanza kuruhusu chupa za dukani kutoka nchi zote, zikikaguliwa kwa mashine. Siku ilipokaribia baadhi ya nchi wanachama ziligoma, mpango ukaahirishwa. Hatimaye, kuanzia 31 Januari 2014, chupa iliyofungwa na risiti yake ikaruhusiwa kutoka kiwanja chochote duniani, mradi ipitishwe kwenye kifaa kinachotambua vilipuzi vya majimaji. Mjomba alichelewesha arusi? Hapana. Aliwahi miaka mitano.

Leo sheria yenyewe inaanza kuchakaa. Mashine mpya, zinazopiga picha za begi pande zote kama zile za hospitalini, zinaweza kutofautisha kimiminika na kimiminika bila kukitoa. Mwaka wa 2023 viwanja vya Teesside na London City vilianza kuruhusu hadi lita 2. Juni 2024 Uingereza ikarudisha mililita 100 kwa muda, Ulaya ikafanya vivyo hivyo Septemba, kisha katikati ya 2025 milango ikaanza kufunguliwa tena. Edinburgh ilikuwa kati ya vya kwanza. Kwa hesabu hiyo chupa ya divai inapita mkononi bila duka, bila mfuko, bila risiti.

Hilo linanifurahisha kwa sababu moja: mashine inaangalia chupa. Haijali umeinunua wapi wala umetoka wapi. Lakini mashine hizo ni ghali, na kila kiwanja kitazinunua kwa wakati wake. Kwa miaka kadhaa ijayo kutakuwa na viwanja unavyoruhusiwa kuingia na chupa na viwanja usivyoruhusiwa. Kwa hivyo ukisafiri, usiulize tu sheria ya unakoondoka. Uliza ya kila kiwanja utakachobadilishia ndege. Na kama ni zawadi ya arusi, funga vizuri, weka chini.

Krismasi iliyopita nilimweleza mjomba haya yote, kuanzia Baghdad hadi Edinburgh. Alisikiliza akitafuna, asiseme neno. Nilipofika kwenye orodha akasimama, akaenda chumbani, akarudi na kitabu chake cha nyimbo. Katikati alikuwa ameweka ile risiti. Miaka yote hiyo aliitunza, ushahidi wake, siku itakapohitajika. Akanipa niisome.

Risiti zile za dukani hazidumu. Wino ulikuwa umefifia wote. Nilishika karatasi nyeupe tu, nikaigeuza huku na huku, nikamrudishia. Akairudisha ndani ya kitabu, ukurasa uleule.